Flashi ya Kamera Inapokataa Kuwaka Chini ya Maji



Vijana wa pwani yetu wanaotafuta riziki baharini hawashiki mishipi na nyavu pekee siku hizi. Wako wanaowaongoza wageni katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa na serikali tangu mwaka 1968. Wako wanaowasaidia watafiti kuhesabu samaki na kukagua matumbawe. Kazi hizo zote huhitaji picha, na picha ya chini ya maji huhitaji taa. Ndiyo maana katika baadhi ya nyumba zetu, kuanzia Garsen hadi Kipini, utakuta kamera iliyofungiwa ndani ya kasha, na kando yake ile taa imwekayo mara moja kama umeme wa radi, ambayo vijana huiita flashi.

Kifaa hiki kina bei kubwa. Mara nyingi si mali ya kijana mwenyewe. Amekiazima au amekabidhiwa na mwajiri wake, kwa hivyo ni amana ndani ya nyumba. Kisha siku moja chakataa kuwaka. Kijana akipiga mbizi anabonyeza na taa haitoi kitu, picha zinatoka nyeusi, na mafuta ya mashua yamekwisha kuteketea. Akirudi nyumbani huwa na mawazo mawili: ama atafute pesa za kununua nyingine, ama achukue bisibisi aifungue. Wazo la kwanza laweza kuwa hasara isiyo na sababu, na la pili laweza kumuua. Juma hili tumeona tuwaeleze akina mama na akina baba njia iliyo baina ya hayo mawili, kwa kuwa aghalabu sababu ya flashi kutowaka ni ndogo, na hupatikana mezani nyumbani kwa mtu mwenye subira.

Kwa nini bahari yahitaji taa

Maji huila nuru. Rangi nyekundu ndiyo hutangulia kupotea. Mtu akishuka mita tano tu, sehemu kubwa ya wekundu imekwisha kuondoka, na kadiri anavyozidi kushuka hubaki kijani na buluu. Samaki mwekundu huonekana wa kijivu. Flashi huirudisha rangi hiyo kwa kupeleka nuru nyeupe karibu na kitu chenyewe.

Watu wamehangaika na jambo hili muda mrefu. Mfaransa Louis Boutan alianza kupiga picha chini ya bahari mwaka 1893, na miongoni mwa taa alizojaribu ilikuwako ya unga wa magnesiamu uliowashwa ndani ya chombo cha kioo. Mwaka 1926, huko Florida nchini Marekani, William Longley na Charles Martin walipata picha za rangi za samaki ndani ya maji kwa kulipua unga huohuo juu ya chombo kilichoelea. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari kubwa. Baadaye mhandisi Harold Edgerton akaikamilisha flashi ya umeme, na katika miaka ya 1950 akafanya kazi na mpiga mbizi mashuhuri Jacques Cousteau. Flashi za leo ni wajukuu wa ile ya Edgerton: betri hujaza umeme ndani ya kapasita, kisha umeme huo wote humwagwa kwa mpigo mmoja ndani ya mrija wa gesi.

Kwetu sisi haja hii iko karibu zaidi kuliko Florida. Katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, kuna mabaki ya meli ya kale yaliyolala kwenye kina cha mita 6 hivi, yapata mita 500 kutoka ufukweni. Mwanaakiolojia Caesar Bita wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya aliyatambua mwaka 2013, baada ya kuelekezwa na mvuvi wa hapohapo. Humo mlipatikana vipande vya shaba na pembe za ndovu. Mwaka 2024 wasomi waliandika kwamba huenda ni São Jorge, meli ya Kireno ya msafara wa mwisho wa Vasco da Gama, iliyozama mwaka 1524. Jambo hilo bado halijathibitishwa. Mbao za meli kama hiyo zikifunuliwa mchangani huanza kuharibika, na bahari huweza kuzifunika tena kwa siku chache. Picha iliyokosekana leo haina hakika ya kupatikana kesho.

Kupima kwa mpango

Kanuni ya fundi ni moja: badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Mwenye kubadilisha betri, waya na mpango wa kamera kwa pamoja, taa ikiwaka hatajua ni lipi lililoiponya, na safari ijayo itamsumbua tena. Jaribio lifanyike ndani ya nyumba, kivulini, taa ikielekezwa ukutani. Isielekezwe machoni mwa mtu, na watoto wachanga wasiwe karibu, kwa kuwa mwako wake ni mkali sana.

Kwanza, tazama betri. Flashi nyingi hutumia betri nne ndogo za kuchaji. Moja ikiwa dhaifu huzivuta zote nne chini, hata kama tatu zimejaa. Kwa hivyo zisichanganywe za zamani na mpya, wala za aina mbili tofauti. Ni vyema kuziandika namba na kuziweka seti kwa seti, zichajiwe pamoja na zitumike pamoja. Angalia pia kama zimepangwa sawasawa, upande wa kujumlisha na upande wa kutoa, na kama vibati vya ndani vina ukoga mweupe au wa kijani. Ukoga huo huzuia umeme kupita. Hupanguswa kwa pamba iliyotiwa spiriti kidogo, betri zikiwa zimetolewa na taa imezimwa, kisha huachwa mpaka pakauke kabisa.

Pili, bonyeza kitufe cha kujaribia kilicho kwenye flashi yenyewe. Hapa ndipo njia hugawanyika, na mtu ajuaye hatua hii moja hujiokolea gharama nyingi. Kijitaa cha kuonyesha kuwa flashi iko tayari kikiwaka, na flashi ikamweka kwa kitufe, basi flashi ni nzima. Kosa liko kwenye kamera au kwenye waya unaoleta amri. Isipomweka hata kwa kitufe, ilhali betri ni nzuri na vibati ni safi, basi kosa li ndani ya flashi, na hiyo ni kazi ya fundi wake.

Tatu, kama flashi ni nzima, tazama kamera. Kamera nyingi zina vijitaa vyao vidogo, na mwako wa kijitaa hicho ndio huiamuru flashi kubwa ya nje. Kijitaa kikiwa kimefungwa, au mpango wa kamera umekizima, flashi ya nje hungoja amri isiyokuja. Vilevile kamera ikiwekwa katika hali ya kupiga picha bila sauti, mara nyingi huzima flashi bila kumwambia mtu. Mtoto aliyechezea kamera jana usiku aweza kuwa ndiye sababu ya safari iliyoharibika leo.

Nne, tazama waya. Ziko aina mbili. Waya wa nuru, ambao mafundi huuita faiba, hupeleka mwako wa kijitaa cha kamera hadi kwenye jicho la flashi. Hauna umeme ndani yake. Huharibika kwa kukunjwa sana, kwa kuchafuka ncha, au kwa kuchomoka kidogo mahali pake. Ushike mbele ya dirisha, uelekeze ncha moja kwenye mwangaza na uitazame ncha ya pili: ikiwa giza, waya umekatika ndani. Aina ya pili ni waya wa umeme, wenye vipini vidogo vya chuma. Huu hushindwa kwa chumvi. Tone moja la maji ya bahari likibaki ndani ya soketi latosha kuvilisha kutu vipini hivyo, na wakati mwingine flashi huanza kumweka ovyo yenyewe kabla ya kunyamaza. Waya wa umeme usichomolewe ndani ya maji kwa hali yoyote.

Tano, ikiwa flashi yamweka lakini picha bado ni nyeusi, kosa ni la wakati. Kamera nyingi hutoa mwako mdogo wa kupimia kabla ya picha yenyewe. Flashi isiyowekwa kwenye mpango unaofaa huudhania mwako huo kuwa ndiyo amri, ikamaliza nuru yake mapema, na picha inapopigwa haina kitu. Suluhisho ni kugeuza swichi ya flashi ilingane na kamera, kama kijitabu chake kinavyoelekeza. Na ikiwa picha ya kwanza hutoka vizuri na ya pili nyeusi, mara nyingi mpigaji ana haraka: kapasita huhitaji sekunde kadhaa kujaa tena, na kijitaa cha tayari hakijawaka.

Tope la Tana

Liko lalamiko ambalo si la ubovu kabisa. Kijana husema taa yake imeharibika kwa sababu picha imejaa vidoa vyeupe kama unga uliomwagwa. Hapo flashi imefanya kazi yake. Kilichopigwa picha ni tope.

Mto wetu wa Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya, huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita Garissa, Hola na Garsen, ukamimina maji yake baharini pande za Kipini. Kila mvua hushuka na udongo wa bara. Mto Sabaki nao humwaga udongo wake kaskazini ya Malindi. Ghuba ya Ungwana iko baina ya midomo hiyo miwili, na watu wa Garsen walioyaona mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 na yale ya mwaka 2024 hawahitaji kuambiwa rangi ya maji yake. Chembe za udongo zilizo mbele ya kamera huirudisha nuru kabla haijafika kwenye kitu kinachopigwa picha.

Dawa yake ni kuisogeza flashi mbali na kamera, ikae kando na imulike kwa mshazari, kisha mpigaji akaribie kitu anachokitaka. Dereva ajuaye kuendesha ndani ya ukungu huelewa: taa kali za mbele humpofusha yeye mwenyewe. Tena ni bora kungoja majira. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na maji husafika zaidi kuliko miezi ya masika. Kununua taa kali zaidi kwa ajili ya maji ya tope ni kuzidisha vidoa vyeupe.

Pete ya mpira na kazi ya mikono ya nyumbani

Kinachozuia bahari isiingie ndani ya flashi na kasha la kamera ni pete nyembamba ya mpira, ambayo mafundi huiita oringi. Kila mita 10 za kina huongeza uzito wa kilo moja hivi kwa kila sentimita mraba. Kioo chenye ukubwa wa sentimita mraba 100, kikiwa mita 10 chini, husukumwa na maji kwa uzito upatao kilo 100, yaani mifuko miwili ya saruji. Pete iliyo safi hubanwa na uzito huo na ikaziba vizuri zaidi. Pete iliyolaliwa na unywele mmoja au chembe ya mchanga hupitisha maji, na mara nyingi huanza kuvuja pale juu juu, kabla maji hayajaibana.

Akina mama wanaotengeneza achari hawana ugeni na jambo hili. Wajua kuwa chembe moja ikibaki kwenye mdomo wa chupa, mfuniko haukazi na achari huharibika. Jicho lilelile ndilo linalohitajika hapa. Pete hutolewa kwa kidole au kijiti butu. Kisu na sindano huikwaruza. Huvutwa taratibu baina ya vidole viwili ili kuhisi mchanga au mpasuko, na mfereji wake hupanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha hupakwa grisi ya mtengenezaji wake, kidogo tu, kiasi cha kung'aa. Grisi nyingi haizuii maji. Hukusanya mchanga na nywele. Mafuta ya kupikia na mafuta ya kupaka mwilini hayafai kabisa. Kazi hii ifanyike usiku wa kuamkia safari, chini ya mwangaza mzuri, feni ikiwa imezimwa na pasiwe na haraka. Ifanywapo ufukweni kwenye upepo, mchanga hujiweka wenyewe.

Baada ya kufunga, tia kifaa katika beseni la maji safi kwa dakika chache na utazame mapovu. Mapovu yanayotoka mfululizo mahali pamoja ni dalili ya kuvuja. Ni afadhali kuligundua jambo hili jikoni.

Kijana akirudi kutoka baharini, kifaa kilowekwe kikiwa bado kimefungwa kwa muda wa nusu saa, na vitufe vyake vibonyezwe ndani ya maji ili chumvi itoke. Maji yawe safi na baridi. Maji ya mto yasiyochujwa hayafai, kwa kuwa udongo wake ni kama msasa kwenye vitufe na pete. Yakiwa ndiyo yaliyopo, yaachwe kwanza kwenye ndoo hadi tope litulie chini, kisha yatekwe ya juu na kuchujwa kwa kitambaa. Kifaa kikaushwe kivulini kabla ya kufunguliwa, na betri zitolewe kama hakitatumika kwa siku kadhaa.

Maji yakiisha kuingia

Hapa twaomba tusikilizwe vizuri, kwa sababu jambo hili linagusa uhai.

Ndani ya flashi mna kapasita inayohifadhi umeme wa volti 300 hivi au zaidi. Hubaki na umeme huo hata baada ya flashi kuzimwa na betri kutolewa. Anayefungua gamba lake kwa bisibisi na kugusa ndani aweza kupigwa na umeme unaosimamisha moyo. Chumba cha betri ni mlango wa mwenye nyumba. Gamba lenyewe ni la fundi aliyesomea. Watoto wasipewe flashi mbovu kuwa kitu cha kuchezea, wala isitupwe jalalani ambako watoto huokota.

Ikiwa maji ya chumvi yameingia kwenye chumba cha betri, betri huweza kuchemka na kutoa gesi, na gesi hiyo hukaza mfuniko kwa ndani. Zima taa, ielekeze mbali na uso, peleka uwanjani, na ufungue mfuniko polepole huku mwili ukiwa kando. Betri zilizolowa zisichajiwe tena, hata zikionekana kavu, na za aina ya lithiamu ni hatari zaidi kwa sababu huweza kushika moto saa kadhaa baadaye. Ziwekwe nje, mbali na makuti, godoro na mitungi ya gesi, mpaka zipelekwe panapopokelewa taka za namna hiyo.

Yale tuliyosema juu ya betri yanahusu pia tochi na taa za sola tulizo nazo sote. Mafuriko yanapoingia nyumbani Garsen, taa ya sola iliyozama hutolewa, ikakaushwa jua moja, ikarudishwa kuchajiwa karibu na kitanda. Tusifanye hivyo. Taa iliyolala majini ikaguliwe kwanza na fundi, na betri yake iliyovimba isitumike tena. Koroboi ilitufundisha kuogopa moto tunaouona. Betri iliyolowa yaweza kuwaka usiku tukiwa tumelala.

Kabla ya safari

Nyumba yenye kijana wa kazi hii na iwe na sanduku dogo lenye kufungika: seti mbili za betri zilizoandikwa namba, waya wa akiba, pete mbili za mpira za saizi sawa, kijichupa cha grisi, pamba, na kitambaa safi. Usiku kabla ya safari afanye majaribio matatu. Amweke flashi kwa kitufe chake. Apige picha moja ya ukuta kupitia kamera kabla ya kufunga kasha. Apige nyingine baada ya kufunga. Zote tatu zikifaulu, alale. Moja ikishindwa, bado ana usiku mzima wa kutafuta kosa kwa utaratibu tuliouonyesha, hatua moja baada ya nyingine, akiwa na mtu wa kumshikia tochi.

Na ikiwa asubuhi imefika na sababu haijapatikana, aseme hivyo kwa mwenye mashua na mwenye kifaa kabla ya kung'oa nanga. Safari ikiahirishwa kwa neno la ukweli, kijana huitwa tena. Inshallah juma lijalo tutarudi na maswali ya wasomaji juu ya utunzaji wa taa za sola wakati wa mvua.